Swali la Miaka Sita

Kimya alikuwa akipiga pasi kola za sare za shule dada yake alipoingia kwenye chumba cha ushonaji na barua mbili mkononi, anahema kama aliyekimbizwa. Dada huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sasa vyuo vikuu viwili vimemkubali kusomea shahada ya udaktari wa elimu. Achague kimoja, ajibu kabla ya saa kumi. Saa nane ilikuwa imeshapita.

Kimya alifuta mikono kwenye sketi kabla ya kuzigusa zile karatasi. Zilikuwa nzito, na nembo imevimba kidogo chini ya kidole. Kwao hakuna aliyewahi kufika huko. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tano.

Mwalimu alizisoma kwa sauti, kila moja mara mbili. Chuo cha kwanza kilikuwa kikubwa: miaka minne, gharama zote juu yao, na kazi ni kuchambua matokeo ya mitihani ya shule elfu moja chini ya profesa mwenye jina. Cha pili kilikuwa kidogo: miaka sita, huku anaendelea kufundisha. Lakini hicho kilikuwa kimelikubali swali lake mwenyewe: inakuwaje mtoto akae darasani miaka na miaka asijue kusoma, na mwalimu wake asitambue?

Mama Mikasi, mwenye chumba, hakuona la kuwaza.

"Aliyetandikiwa kitanda halali sakafuni, Mwalimu. Miaka sita? Utahitimu wajukuu wakikupigia makofi."

"Hata mume sina, Mama."

"Ndiyo nakwambia. Utampata saa ngapi?"

Mwalimu akacheka. Akasema huenda swali lenyewe ni la kitoto. Mwalimu gani asiyemjua mwanafunzi wake? Yeye mtoto wa namna hiyo angemgundua siku ya kwanza. Akatoa simu ili akijibu chuo kikubwa.

Kimya alisimamisha pasi. Hakuzoea kuingilia mambo ya watu.

"Dada, nipe moja nikusomee."

Akapewa. Akaishika wima, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza: tunayo furaha kukujulisha kwamba umechaguliwa kujiunga na utafiti wa matokeo ya shule elfu moja. Kidole kilitambaa, kikafika ukingoni, kikarudi kushoto. Kwenye neno moja refu alikwama, akajisahihisha, akaendelea. Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, vilevile kama alivyotikisa zamani, Kimya alipokuwa mwanafunzi wake wa darasa la nne.

Alipomaliza akairudisha. "Sasa tazama umenipa ipi."

Ilikuwa barua ya chuo kidogo. Maneno yote yalikuwa ya kile kikubwa.

Mkasi wa Mama Mikasi ulisimama katikati ya kitambaa. Yeye ndiye aliyekuja kumfundisha Kimya kusoma alipokwisha kuacha shule, hapo hapo mezani, kwa majina ya wateja, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilikupa kumi juu ya kumi," Mwalimu alisema taratibu.

"Nilikuwa nasikiliza wanaosoma kabla yangu. Halafu unakwama kidogo. Asiyekwama anashtukiwa."

"Na darasa la tano?"

"Mwalimu mpya alianza kuniita nisome wa kwanza."

Mwalimu akakaa juu ya robota la vitambaa. Akauliza kama walikuwepo wengine. Kimya alihesabu kwa vidole, akasema anaowajua ni wanne, na mmoja alikuwa kiranja. Dada mtu alimtazama kama mtu aliyeishi nyumbani kwake miaka yote, leo anaonyeshwa chumba asichowahi kukifungua. Kisha akainamia simu, akaandika kwa chuo kidogo kwamba anakuja, akatuma.

Kimya aliduwaa. Siku zote alidhani jambo lake ni aibu ndogo ya mtoto mmoja, inayofichika chini ya dawati. Kumbe mahali fulani kulikuwa na jengo zima, lenye maktaba na maprofesa, na mlango wake umeachwa wazi kwa ajili ya jambo hilo hilo, miaka sita.

Mwalimu alikuwa ameshachukua chaki ya fundi na kipande cha karatasi ya kukatia.

"Kile kidole," aliuliza, kwa sauti ya mwanafunzi. "Ulijuaje kirudi kushoto lini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kimya akavuta kigoda.

"Usiwe na haraka, dada," alisema. "Hilo lina maelezo marefu."