Sakafu ya Mjomba

Jhamiya alifura kwa hasira. Kamera aliyoifunga mwenyewe kwenye mti wa msaji kule msituni ilikuwa imemtumia picha tele kwenye simu, na zote zilikuwa nyekundu tupu. Kuna mtu aliyeifunika kwa kitambaa, na wala hakuhitaji mpelelezi kumjua.

"Mama!" alimwita mama mkwe wake, Budhvantin, aliyekuwa akianika maua ya mti wa mahua uani. "Umeifunika kamera?"

"Nimeivisha," alijibu bibi huyo bila kuinua kichwa. "Pale ndipo anapopita mjomba. Nimwache mlinzi wake uchi?"

Mjomba ni chui milia. Jina lake halitajwi ovyo. Ukimwita mjomba, angalau ataona haya kumla mtoto wa dada yake.

"Mama, kikao ni leo alasiri! Wenye machimbo ya mawe wanataka kuuzungushia uzio ule ushoroba, njia ya wanyama. Afisa wa misitu kasema, bila ushahidi kwamba wanyama wanavuka pale kwenda msitu wa pili, wajenge tu. Sasa mjomba wako atapita wapi? Mawinguni?"

"Usinifokee, mwanangu. Mimi nilimpa heshima, wewe ulimpa kisanduku."

Jhamiya akashika njia kwenda kukifungua kitambaa. Bibi akamfuata nyuma, mdomo haufungi. Walipofika, wote wawili wakainama.

Chini ya msaji, Budhvantin alikuwa amesiliba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kama anavyosiliba mlangoni kwake kila sikukuu. Sakafu ilikuwa imekauka na alama zake. Nyayo pana zilitoka msitu huu kwenda ule, na ubavuni mwazo nyayo ndogo ndogo, zikipishana, zikiteleza, zikirukaruka.

"Ana watoto!" bibi akapiga makofi. "Kumbe miaka yote hii mjomba ni shangazi!"

Jhamiya alicheka hadi akakaa chini, machozi yakimtoka, furaha imemjaa tele.

Alasiri kikao kizima kikahamia msituni. Afisa akapiga magoti, akapima nyayo kwa kiganja, kisha akamwita mwenye machimbo.

"Mbwa hao," alisema yule bwana.

"Mbwa wa kwenu wana miguu kama sahani?" akauliza Budhvantin. "Basi wafungie, baba, watakumaliza!"

Watu wakaangua kicheko. Afisa akasimama, akakung'uta magoti, akatamka kwamba uzio haujengwi. Wanawake wakapiga vigelegele hadi ndege wakaruka mitini.

Jhamiya akamvuta mama mkwe wake kando. "Mama, nina kamera nyingine kule kijitoni."

"Nikaivishe?"

"Usithubutu! Sakafu tu."

Bibi akakunja sari yake hadi magotini. "Udongo nitakanda mimi. Wewe katafute mavi."

Jhamiya, mwajiriwa wa idara ya misitu, na sare yake safi na beji kifuani, akatoka mbio kuwafuata ng'ombe.