Miche Miwili Nyuma ya Tangi

Gu. Gu-gu. Gu.

Kisigino cha Darcy kilikuwa kinagonga ubao wa kitanda. Nje kulikuwa bado giza, barafu ya Julai imeganda kwenye kioo cha dirisha, na Merrin, mkewe, alikuwa macho kitambo, amelala chali akisikiliza. Mlio ule aliujua kwa miaka mitatu sasa, tangu siku daktari alipoutaja ugonjwa kwa herufi mbili tu, MS, kisha akawachorea mshipa wa fahamu kwenye karatasi na kuwaonyesha jinsi unavyochubuka, kama waya uliotafunwa na panya. Siku hizo Darcy alikuwa fundi wa mapaa, mtu wa kutembea juu ya vigae kama paka. Sasa mguu wa kulia ulikuwa na akili zake wenyewe. Ukikaza, goti linakuwa gogo. Ukiachia, unatetemeka na kugonga.

Merrin akajipenyeza chini ya blanketi, akaukumbatia ule mguu kwa mikono miwili na kuanza kuukanda kuanzia nyuma ya goti kushuka chini.

"Umeamka?" Darcy akanong'ona.

"Na ngoma hii, nani alale?"

"Pole, mpenzi. Hausikii la mtu leo."

"Mimi utanisikia."

Na kweli, baada ya nusu saa, mguu ukalegea. Merrin akabaki ameushika vile vile mpaka ndege wa alfajiri wakaanza kelele. Alichoka, ndiyo. Macho yalimwasha kazini, kule kwenye kantini ya shule, akikata mikate ya watoto wa watu. Lakini ndani ya uchovu ule kulikuwa na utamu ambao hakumwambia mtu: hakuna mwingine duniani aliyeujua mguu ule kama yeye.

Ndipo akaja Leonie.

Darcy alikutana naye kwenye kundi la Alhamisi, pale ukumbini Kambah, ambako wagonjwa wa MS wa kusini mwa Canberra hukutana kunywa chai na kulalamika. Leonie alikuwa mpeleka barua zamani, mwanamke wa miaka arobaini hivi, nywele nyekundu kama moto wa nyasi, sauti ya kuita ng'ombe. Siku hizi alikwenda kwa kiti chenye mota, nyuma amechomeka bendera ya kijani ya timu ya raga. Wiki ya pili tu walikuwa wameshapeana majina. Yeye alimwita Darcy "Fundi". Darcy alimwita "Posta".

Merrin alikuwa ameolewa naye miaka saba na hajawahi kupewa jina.

Alhamisi moja Leonie aliwafuata mpaka nyumbani, akapandisha kiti chake kwenye ubao wa mlangoni, akanywa chai vikombe vitatu. Alipoondoka, chupa ndogo ya kahawia, yenye mdomo wa kudondoshea, ilibaki mezani kando ya sukari.

"Mgeni wako kasahau dawa yake," Merrin akasema.

Darcy akacheka. "Hajasahau. Yaani, kasahau. Unajua mambo yalivyo."

Merrin alijua. Kila mtu Canberra anajua. Sheria inamruhusu mtu mzima kupanda miche miwili ya bangi uani kwake, na nyumba nzima isizidishe minne, lakini kumpa mwenzako hata jani moja ni kosa. Kwa hiyo watu husahau. Wanasahau kwenye meza za wenzao, kwenye vibaraza, kwenye masanduku ya barua.

Usiku ule Darcy alidondosha matone matano ya yale mafuta ya bangi chini ya ulimi, akakunja uso kwa uchungu wake, akalala. Alfajiri Merrin akaamka kama kawaida yake, akategea sikio. Kimya. Akapeleka mkono chini ya blanketi. Mguu ulikuwa umelala, laini, wa moto, kama mguu wa mtoto.

Mke mwema angeshukuru, naye alijaribu. Alisema moyoni, asante, asante, huku machozi ya hasira yakimtiririka kuingia masikioni. Miaka mitatu ya mikono yake! Na mwanamke mwingine kaja na matone matano.

Daktari alipoambiwa hakupiga kelele. Aliandika kwenye faili, akasema Darcy asiendeshe gari akiwa ameitumia, na wasiache chupa mahali mtoto anafika. Vidonge alivyokuwa akipewa hospitali vilikuwa vinamlegeza mguu na mwenyewe pia, hata akawa anasinzia juu ya supu, kwa hiyo wakavipunguza taratibu. Darcy akarudi mezani. Akarudi kutania. Shida ni kwamba alikuwa anataniana na simu.

"Posta anasema leo kaanguka chooni akamwangukia paka," alikuwa akisema, huku akifuta machozi ya kicheko.

"Inachekesha nini hapo?"

"Ah. Ingekubidi uwe umewahi kuanguka."

Neno hilo lilimkaa Merrin kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

Novemba, hatari ya barafu ilipopita na Canberra yote imepanda nyanya, Leonie alileta mbegu tano kwenye kopo la majani ya chai. Mbili zilitosha. Darcy alizipanda kwenye ndoo kubwa kando ya ua wa kaskazini, penye jua, yeye ameketi kwenye kigoda na Leonie akimwelekeza kwa kidole kutoka kwenye kiti chake kama nahodha. Kopo, na zile mbegu tatu zilizobaki, likawekwa rafu ya juu bandani.

Siku mbili baadaye Merrin alilishusha. Alichukua mbegu mbili. Sheria ilikuwa upande wake, alijiambia: miwili ya Darcy, miwili yangu, jumla minne. Alizipanda nyuma ya tangi la maji ya mvua, mahali Darcy hawezi kufika na mkongojo kwa sababu ya mawe, akazungushia wavu wa kuku. Binti yao Wren, aliyekuwa na miaka minne, alisimama nje ya wavu ameshika mpira wa maji.

"Ya nani hii?"

"Ya Mama. Ni siri yetu."

"Ya kufanyia nini?"

Merrin alikuwa amepiga magoti, udongo mpaka viwikoni. "Nitamtengenezea Baba dawa mimi mwenyewe. Halafu atafurahi, atacheka na mimi."

Wren alifikiri. "Sasa hivi anacheka na nani?"

"Mwagilia, mwanangu."

Miche ikaota. Ikapita goti, ikapita kiuno. Merrin alisoma alichoweza kwenye simu wakati wa mapumziko kantini, akajifunza mbolea, akajifunza wadudu. Kila jioni alipotoka kuitazama alirudi na uso mwepesi, hata Darcy akamwambia, "Umependeza siku hizi. Una mpenzi nini?" Akamjibu, "Ninao wawili," naye Darcy akadhani ni utani.

Februari Leonie alikuja kukagua. Hapo ndipo pa kuelewa vizuri, kwa sababu mambo yote yaliharibikia hapo. Mbegu ya bangi haionyeshi kama ni dume au jike. Mpaka mche ukaribie kuchanua ndipo unajua, na anayejua huangalia kwenye maungio ya matawi. Jike ndilo lenye dawa. Dume likiachwa, linamwaga chavua, na majike yote ya jirani yanaacha kutengeneza dawa yanaanza kutengeneza mbegu. Leonie alikuwa anamweleza Darcy hayo yote kwa sauti yake ya kuita ng'ombe, na Merrin ndiyo kwanza alikuwa anafika nyuma yao na sinia la chai.

"Njoo hapa, Fundi, inama. Unaona vinyweleo vyeupe? Huyu ni bibi. Na huyu? Bibi pia! Mwanaume una bahati wewe, wanawake wawili uani!"

"Watatu, ukijihesabu," Darcy akasema.

Wakacheka mpaka Darcy akamshika bega asianguke.

Merrin akaweka sinia kwenye majani, palepale chini, akaingia ndani. Alifungulia bomba la jikoni mpaka mwisho ili asisikie. Kwa hiyo hakusikia Leonie akisema dume lina vifuko vinavyoning'inia kama vichala vya zabibu, na kwamba likionekana ling'olewe siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata mmoja wa miche yake ulitoa vichala. Vizuri, vya kijani, vimejaa. Merrin alivipapasa kwa fahari. Ya Darcy ilikuwa bado ina vinyweleo tu. Wangu umetangulia, aliwaza. Wangu unawashinda.

Hakumuuliza mtu. Angemuuliza nani?

Aprili wakavuna. Ilikuwa siku moja kabla ya Siku ya Anzac, ile sikukuu ya kuwakumbuka askari, na kwa kuwa Canberra mtu mwenye heshima zake hawashi hita kabla ya siku hiyo, wote walikuwa wamekaa jikoni na makoti yao. Matawi ya miche ya Darcy yamekatwa, yamelazwa kwenye magazeti; ya Merrin yalikuwa bado nyuma ya tangi. Leonie alikuwepo, bila shaka. Merrin aliona mkono wake wa kushoto umekunjwa mapajani, vidole vimejikunyata kama makucha ya kuku.

"Mwaka huu hukupanda, Leonie?" aliuliza, ili aseme kitu.

"Nipande na nini, dada? Mkono umegoma tangu Oktoba. Zile mbegu ndizo zilikuwa za mwisho. Nikasema bora ziende penye watu." Akatabasamu. "Wewe hujui una bahati gani, Merrin. Fundi kaniambia, mguu ukigonga tu, umeshaamka. Kwangu mimi hugonga mpaka asubuhi, anayesikia ni paka, na paka hajali."

Merrin alichukua kisu akakiweka tena chini.

Leonie akavunja ua moja kwa vidole vyake vizima. Akalisugua. Tabasamu likamfutika usoni. Akavunja la pili, la tatu. Juu ya gazeti zikadondoka mbegu, nyingi, za kahawia, ta-ta-ta, kama mchele unaochambuliwa.

"Fundi," akasema taratibu. "Haya yamejaa mbegu."

"Unasemaje?"

"Yamechavushwa. Yote. Mafuta utapata, ila kidogo, na nguvu yake ndogo. Sijui kama yatakuvusha Julai."

Mkono wa Darcy ukaenda kwenye goti la kulia, ukalishika, kama mtu anayemshika mbwa asiondoke. Merrin aliuona mkono ule. Akaona na Julai yote inayokuja, barafu kwenye kioo, gogo chini ya blanketi.

"Lakini uliangalia mwenyewe," Darcy akasema. "Majike wawili."

"Majike wawili kweli. Dume limetoka kwingine. Hapa jirani. Upepo haujui ua wa mtu."

"Vlado." Uso wa Darcy ukawa mwekundu. Mzee Vlado alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua, mjane, mtu wa nyanya na soseji za kukausha, ambaye miaka yote mitatu alikuwa akiwakatia majani bila kuombwa. "Yule mzee. Nilimwona anahangaika na ndoo Januari. Kapanda kienyeji, hajui dume wala jike, kaniulia dawa yangu!"

"Darcy, kaa," Merrin akasema.

"Sikai! Atanisikia leo." Alikuwa ameshashika mkongojo, anajiinua, meza inatikisika. "Vlado! We mzee!"

"Nipishe nikuitie mimi," Leonie akasema, akigeuza kiti. "Sauti ninayo."

Ng'ambo ya ua mlango ulisikika ukifunguliwa. "Eee, nani ananiita?" Sauti ya mzee ilikuwa ya mtu anayetarajia kukaribishwa kahawa.

Merrin alikuwa amesimama kati ya mumewe na mlango. Vile vichala vya mche wake, bila kinyweleo hata kimoja, vilimjia machoni, na vidole vyake mwenyewe vikivipapasa. Alielewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Akisema, Leonie atajua. Si habari ya miche tu. Atajua bomba la jikoni, na machozi ya masikioni, na sinia kwenye majani. Asiposema, mzee wa watu atatukanwa mbele ya ua wake.

"Si Vlado," alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Unamtetea nini? Wewe unajuaje?"

"Najua tu."

"Merrin, nipishe."

Wren alikuwa chini ya meza na kalamu zake za rangi. Akatoka, akasimama wima katikati ya jikoni, akamtazama baba yake aliyekuwa anatetemeka juu ya mkongojo, akamtazama Leonie, na kwa sauti ile ile ambayo huombea maziwa akasema:

"Mama alipanda yake nyuma ya tangi ili Baba acheke na yeye pia."