Mshonaji na Kipeuo cha Hasi Moja

Fundi cherehani huyu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kukubali asichokiona. Gauni likimbana mteja, hawezi kumwambia amependeza hata umpe nini. Atasema, "Mama, hapa kiunoni tumekosana," na mteja atanuna, ataondoka, halafu kesho atarudi kwa sababu nguo ikitoka kwa fundi huyu haifumuki. Kwenye ushonaji ugonjwa huo ulimpa sifa. Kwenye darasa la jioni ulikuwa unampa sifuri.

Huko alifundishwa hesabu na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mambo yalienda sawa mpaka darasa lilipofika kwenye ile milinganyo ya kwadratiki ambayo ukiikokotoa, unajikuta umeshika kipeuo cha pili cha namba hasi. Wanafunzi wenzake waliandika herufi i, jina la kipeuo cha hasi moja, kama walivyoambiwa, wakaenda zao nyumbani kula. Fundi akaandika HAKUNA kwa herufi kubwa, akapiga na mstari chini yake.

"Wifi, utaniua," mwalimu alimwambia. "Hilo neno lilikuwa sahihi zamani, tulipokuwa na namba za kawaida tu. Sasa tumeingia namba changamano. Swali linasema toa majibu."

"Majibu ya kitu ambacho hakipo? Chanya ikijizidisha inatoa chanya. Hasi ikijizidisha inatoa chanya. Sifuri ni sifuri. Sasa hiyo inayojizidisha ikatoa hasi moja iko wapi? Nikukunjulie futi yangu ya kupimia, uniwekee kidole."

Wifi mtu akashika kichwa. Na alikuwa na haki ya kukishika, maana jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinatafuta fundi wa mashine, si mshonaji, fundi hasa, wa kufungua mota na kuzifunga. Mkuu wa mafundi pale alishaona mikono ya mama huyu ikifufua mashine iliyokwisha kutupwa, akamwambia wazi: "Lete matokeo ya hesabu, nafasi ni yako. Mwezi ukiisha nampa mwingine." Kushona alishona ili watoto wale, lakini mashine ndizo alizozipenda, kupenda kabisa, tangu alipokuwa msichana. Na mtihani alishaufeli mara mbili. Huu wa Jumatatu ulikuwa wa tatu, na chuo chenye darasa hilo la jioni hakimsajili mtu mara ya nne.

Jumamosi mchana wifi akaja kuchukua gauni lake. Lilikuwa bado mifuko.

"Bado? Uliniambia Ijumaa!"

"Ijumaa nilikuwa nasoma hizo ndoto zako. Kaa hapo, usinikanyagie vitambaa."

Wifi akakaa. Lakini mwalimu ni mwalimu, hata akikalia rundo la vipande. Hakumaliza hata dakika mbili.

"Haya, tuache kipeuo. Chukua tatu. Iko kulia kwa sifuri, sawa? Izidishe kwa hasi moja."

"Hasi tatu."

"Imeenda wapi?"

"Kushoto. Imegeuka nyuma."

"Umeona? Kuzidisha kwa hasi moja ni kugeuka nyuma. Nusu mzunguko. Hilo unalikubali?"

"Hilo nalikubali, linaonekana," fundi akasema, akaendelea na mfuko wake. Akashona kushuka upande mmoja. Alipofika kwenye kona akasimama, sindano akaiacha imezama kitambaani, akainua mguu wa cherehani, akageuza kitambaa, akashusha mguu, akashona kitako cha mfuko. Kona ya pili akafanya vilevile, akaanza kupanda.

"Mbona sasa unarudi ulikotoka?" wifi akauliza, maana hata sindano mikononi mwake ilikuwa balaa.

"Mfuko una pande mbili, wifi. Huku nimeshuka, huku napanda."

"Lakini sikuona umegeuza nguo nyuma."

"Nani ageuze yote kwa mpigo? Uzi utakunjamana. Nimegeuza mara mbili. Robo, halafu ro..."

Cherehani ikanyamaza. Fundi akaizungusha kona ya kitambaa kwa kidole, mara moja, mara mbili.

"Robo mzunguko mara mbili," akasema taratibu, "ni nusu mzunguko."

"Ndiyo."

"Na nusu mzunguko ni kuzidisha kwa hasi moja. Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

"Kwa hiyo kile kitu ambacho ukikifanya mara mbili unapata hasi moja..."

"Ni robo!" Wifi aliruka kutoka kwenye rundo, akakanyaga pini, akalia na kucheka kwa pamoja. "Ndiyo hiyo i, wifi! Robo mzunguko! Mwezi mzima nakuchorea ubaoni!"

"Ulichora msalaba. Nilidhani unapamba ubao."

"Loo! Napamba!"

"Basi ndiyo maana kwenye futi haionekani," fundi akasema, na sasa alikuwa amekasirika kwelikweli. "Futi ina urefu tu. Kitambaa kina urefu na upana! Sasa kwa nini wanaiita namba ya kufikirika? Aliyeipa jina hilo alikuwa na ubaya gani na sisi?" Akachukua chaki. Mbili jumlisha tatu i: akahesabu mbili kwa urefu, akageuka robo, akahesabu tatu kwa upana, akaweka nukta. Mbili toa tatu i, akageukia upande wa pili, akaweka nukta nyingine.

"Kwenye gauni langu?"

"Chaki inafutika. Nipe swali jingine."

Jumatatu mtihani ulikuwa na swali moja lenye alama kumi na mbili: x² − 4x + 13 = 0. Toa majibu. Fundi akakokotoa. Kumi na sita toa hamsini na mbili, hasi thelathini na sita. Mkono wenyewe ukaanza kuandika HAK, akaukamata kama anavyokamatwa mtoto anayechungulia sufuria, akafuta. Kipeuo cha thelathini na sita ni sita, na ile hasi inataka robo mzunguko. Sita i. Akachukua nne, akaijumlisha na kuitoa hiyo sita i, akagawanya kwa mbili, akapata mbili jumlisha tatu i, na mbili toa tatu i.

Wengine wangegeuza ukurasa. Yeye na ugonjwa wake? Thubutu! Akalirudisha jibu la kwanza kwenye mlinganyo alione kwa macho. Likijizidisha linatoa nne, na kumi na mbili i, na tisa iliyogeuzwa robo mara mbili, yaani hasi tisa. Jumla yake hasi tano na kumi na mbili i. Toa jibu mara nne, hapo hasi nane na hasi kumi na mbili i. Zile i zikafutana zote, haikubaki hata moja. Hasi tano, hasi nane, jumlisha kumi na tatu.

Sifuri.

"Ipo!" akasema kwa sauti.

"Mama, kimya," msimamizi akamwonya. Akaomba radhi, lakini kicheko kilikuwa kimeshamjaa kifuani, akainama mezani kukificha.

Ijumaa matokeo yakabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kufaulu kulikuwa kuanzia hamsini. Wifi ndiye aliyepenya kwanza kwenye kundi la watu, akateremsha kidole kwenye majina, akapiga ukelele mpaka mlinzi akaja mbio.

"Hamsini na nane! Wifi, hamsini na nane! Na lile swali nimemuuliza aliyesahihisha, amekupa zote kumi na mbili!"

Fundi hakupiga kelele. Alisimama akiitazama ile hamsini na nane, midomo ikichezacheza, akipiga hesabu. Halafu akakaa kwenye ngazi mbele za watu.

"Una nini? Umefaulu!"

"Toa kumi na mbili," akasema.

Wifi akatoa. Arobaini na sita. Akakaa naye pale ngazini, akamshika mkono, na wote wawili wakalia bila aibu, mpaka fundi alipojifuta uso na kuuliza kiwanda kinafungwa saa ngapi.