Matoleo Saba ya Daraja la Masaka

Jumatatu, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Ingabire alimaliza kupakia michoro ya daraja la waenda kwa miguu la Masaka kwenye programu ya tatu, akabonyeza toleo la tatu la mchoro aone kama litafunguka. Lilifunguka kwa sekunde nne. Programu ya kwanza ilikuwa imechukua dakika sita, na ya pili ilikwama hadi kompyuta ikazimwa kwa nguvu. Ingabire alipiga meza kwa kiganja.

"Sekunde nne!" akawaambia wenzake. "Njooni muone wenyewe!"

Alikuwa amekulia Ngara, upande wa Tanzania, na akifurahi Kiswahili chake kilikimbia kuliko wenzake walivyoweza kukifuata. Siku hiyo walikuwa na haki ya kufurahi pamoja naye. Ofisi yao ya usanifu, ghorofani juu ya duka la mapazia huko Niboye, ilikuwa na wahandisi na wachoraji kumi na mmoja, na kila mmoja alitunza michoro kwenye kompyuta yake. Faili ziliitwa "daraja mwisho", "daraja mwisho kabisa" na "daraja mwisho kabisa usiguse". Mwaka uliopita fundi mmoja alikata mihimili ya paa la shule kwa mchoro wa zamani, ikapungua sentimita sitini. Tangu hapo Ingabire alimsumbua mkurugenzi miezi kumi na minne, mpaka akaruhusiwa kujaribu programu tatu za kutunza michoro na kuchagua moja. Kila moja ilitolewa bure kwa siku thelathini za majaribio.

Alikuwa na karatasi ya maswali. Je, programu inafanya kazi mvua ikinyesha na mtandao ukisuasua? Je, inawazuia watu wawili wasibadilishe mchoro mmoja kwa wakati mmoja? Je, inatunza matoleo yote ya zamani? Je, inasema nani alibadilisha nini, lini na kwa sababu gani?

Alikuwa bado anaweka alama ya vema kwenye swali la tatu simu ilipolia. Alikuwa Mukeshimana, mama wa Masaka anayeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambaye miguu yake haikufanya kazi tangu utotoni na ambaye huendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono. Walifahamiana wakati Ingabire alipokwenda kupima bonde.

"Enjinia, iko daraja ingine hapa."

"Wapi, Mama?"

"Pembeni ya ile ya ngazi. Hii haina ngazi. Iko na njia ya kupanda polepole, kama ile ulinionyesha kwenye karatasi."

"Reli zake zina rangi gani?"

"Kijani."

"Basi ni toleo la tatu," alisema Ingabire, akachukua futi yake ya utepe, akashuka ngazi mbilimbili na kupanda pikipiki.

Daraja lilisimama hatua ishirini kutoka lile lililojengwa. Zege lilikuwa limekauka vizuri, na nyasi zilikuwa zimeshaanza kuota kwenye nyufa za ukingo. Daraja lililojengwa lilikuwa na ngazi thelathini na nne kila upande, na kwa sababu ya ngazi hizo Mukeshimana alizunguka bonde zima kila siku kufika sokoni, safari ya zaidi ya saa moja. Hili lilikuwa na mteremko mrefu wa kupinda, mita moja ya kupanda kwa kila mita kumi na mbili. Ingabire aliupima mara tatu. Ulikuwa sawasawa na alivyouchora miaka mitatu iliyopita, naye akaukanyaga kwa nguvu kwa furaha, maana hakuwahi kukanyaga kitu alichokichora yeye kabla mtu mwingine hajakipunguza.

Mukeshimana alikuwa ameshapanda hadi katikati, na gunia la sombe nyuma ya kiti. Alikuwa anahema na kucheka.

"Enjinia, hapa juu iko upepo!"

Ingabire alimsindikiza hadi ng'ambo, akichungulia kila kiungo. Mwisho wa mteremko akakuta dimbwi. Alikuwa amesahau kuchora tundu la kutolea maji. Kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe, na alikumbuka kuwa alilirekebisha kwenye toleo la nne. Akapiga simu ofisini.

"Fungeni la tatu, fungueni la nne. Ngojeni kwanza, kuna mwalimu anapita na baiskeli. Haya, sasa."

Toleo la tatu likaondoka, la nne likawa pale. Tundu la maji lilikuwa mahali pake.

Mchana huo wenzake hawakuweza kujizuia, wakafungua matoleo yote. Kulipokucha Jumanne bonde la Masaka lilikuwa na madaraja saba, ukihesabu na lile la ngazi. La kwanza lilikuwa na tao, na wanafunzi walilipenda kwa sababu lilirudisha sauti. Nguzo za la pili zilisimama katikati ya viazi vitamu vya jirani mmoja, akaja ofisini kulalamika kwamba hakuarifiwa. Walimwomba radhi, wakalifunga. Kufikia Jumatano watu walishazoea, na ukimwuliza mtu njia alikuambia, "Pita la nne, ni rahisi."

Ingabire alipiga simu kwa kampuni ya programu kuthibitisha. Alijibiwa na Lillian wa huduma kwa wateja, mwenye sauti ya mtu aliyejibu swali hilo mara nyingi.

"Ndiyo, toleo lililo wazi husimama. Kama linawasumbua, mnaweza kulizuia kwenye mipangilio."

"Halitusumbui hata kidogo. Na majaribio yakiisha?"

"Mkinunua leseni, linabaki. Msiponunua, yote yanaondoka siku ya thelathini."

Ingabire alimweleza Mukeshimana jambo hilo jioni ile ile. Mama huyo alisikiliza, akauliza zimebaki siku ngapi. Ishirini na saba.

"Basi chagua vizuri, binti yangu," akasema, akakata simu.

Lilikuwa limebaki swali la nne. Ingabire aliliacha mwisho kwa sababu aliamini jibu lake linajulikana. Njia ya mteremko ilikuwepo kwenye toleo la nne na haikuwepo kwenye la tano, na ofisi nzima ilijua ni nani aliyeifuta. Alikuwa Théoneste, mchoraji aliyekaa meza ya dirishani. Ilisemekana aliifuta kwa bahati mbaya, siku moja kabla ya michoro kupelekwa kwa mjenzi, na kosa lilipogunduliwa zege lilikuwa limeshamwagwa. Théoneste mwenyewe alisema huenda ni kweli, kwa kuwa alikuwa amechoka siku ile. Akaachishwa kazi. Ingabire hakufungua mdomo kumtetea wakati huo.

Alibonyeza toleo la tano. Programu haikuwepo ofisini siku ya tukio, lakini ilijaza sehemu zote:

Kilichobadilishwa: njia ya mteremko imeondolewa, ngazi zimewekwa. Saa: kumi na dakika kumi na mbili jioni. Aliyebadilisha: Kamanzi. Sababu: inaharibu picha.

Kamanzi alikuwa ndiye mkurugenzi wao.

Ingabire alisoma mara mbili. Kitu alichokiomba miezi kumi na minne kilikuwa kinafanya kazi kuliko alivyothubutu kuomba, na kingeweza kumrudisha mtu mezani kwake. Aliandika ukurasa mmoja wa kulinganisha programu tatu, kama mkurugenzi alivyoagiza, akauchapa, akaingia nao ofisini kwa mkurugenzi bila kubisha hodi.

Kamanzi alikulia Kampala, alikuwa mtu nadhifu na msikivu. Aliusoma ukurasa wote, kisha akasogeza kiti ili atazame kompyuta pamoja naye.

"Nionyeshe watu wawili wakifungua mchoro mmoja."

Ingabire alimwonyesha. Wa pili alizuiwa, akaambiwa nani anao.

"Mtandao ukikatika?"

"Unaendelea na kazi, Bosi. Ukirudi, inajipanga yenyewe."

"Nzuri sana. Na hii ya nani kabadilisha nini?"

Ingabire alifungua toleo la tano. Kamanzi alisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli. Tulikuwa tunapeleka picha ya daraja kwenye shindano, na ule mteremko ulionekana kama mkia. Nilikuwa nimesahau saa. Saa kumi na dakika kumi na mbili." Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Hii ndiyo tutanunua. Leseni kumi na mbili."

"Na Théoneste, Bosi?"

"Tutamwandikia."

"Kwamba arudi?"

"Meza yake ina mtu, Ingabire. Na mradi ulishafungwa." Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. "Lakini ana haki ya kujua. Leo hii nitamwandikia."

Habari ya leseni ilipofika chumba cha wachoraji, watu walipiga makofi, mtu akaagiza soda na sambusa, na Ingabire akainuliwa juu pamoja na kiti chake. Alicheka pamoja nao, maana furaha ile ilikuwa ya kweli na hakuweza kuikataa, ijapokuwa kila alipogeuka aliiona meza ya dirishani na kijana mgeni aliyeikalia, naye akipiga makofi. Alimpigia simu Mukeshimana. Vigelegele vilivyotoka upande wa pili vilisikika hadi kwenye duka la mapazia.

Barua alijitolea kuipeleka yeye mwenyewe. Théoneste alikuwa na kibanda cha vifaa vya mabomba huko Gitega, kwenye njia nyembamba yenye watu wengi, na alimkaribisha kwa furaha, akafuta stuli kwa shati lake. Aliisoma barua amesimama. Ilikuwa na mistari mitatu. Ofisi inathibitisha kuwa si wewe uliyeondoa njia ya mteremko. Uamuzi wa kukuachisha kazi unabaki kama ulivyo. Tunakutakia mafanikio.

"Bon, sawa," akasema. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe. Na mimi nilinyamaza, Théo. Nisamehe."

"Mlinyamaza wote, na mimi nilinyamaza." Aliikunja barua mara mbili. "Unajua, miaka miwili nimekuwa nikijaribu kukumbuka jinsi kidole changu kilivyobonyeza. Mwishowe nilikumbuka kabisa. Hadi sauti yake nilikuwa naisikia."

Mteja alikuja akitaka kona ya bomba la nusu inchi. Théoneste alimchagulia, akaijaribu kwenye bomba, akampa. Kisha akaegemea meza.

"Na daraja lenyewe lipo?"

"Lipo. La nne. Tumelipia leseni, halitafungwa."

"Reli zile nilichora mimi."

"Najua. Nenda ukazione."

Jumapili Théoneste alikwenda Masaka akiwa na shati lake la kanisani. Alimkuta Mukeshimana anashuka na baiskeli yake kwa kasi, anapiga kengele watu wapishe, naye akapisha. Alivuka daraja, akarudi, akavuka tena, mkono wake ukiteleza juu ya reli mwanzo hadi mwisho. Alimpigia Ingabire simu akiwa katikati, kule kwenye upepo, akamwambia kwa sauti ya juu kwamba ile lehemu ya reli za upande wa kushoto imetoka vizuri kuliko alivyoichora.

Jumatatu saa mbili asubuhi alifungua kibanda chake Gitega.