Chupa Chini ya Mtungi

Bwanausi alizibua chupa, akanusa. Asumini haikuwamo.

Mafuta yale aliyapika marehemu mkewe, Mwajabu, mwaka aliomzaa Mina: asumini na mrehani ndani ya mafuta ya ufuta, na kipande cha sandali. Akayafukia mchangani chini ya mtungi wa maji, penye baridi na kiza, yamngoje binti mpaka arusi yake. Mwajabu akafa, mafuta yakabaki. Sasa Mina alikuwa chumbani, mwari, kesho anaolewa.

Lakini mwaka jana watu wa bwana afya walikuja kusaka panya. Bwanausi yuko shamba, wao wakatoa kila kitu uani, hata mchanga wa mtungi wakaufukua, na chupa ile ikashinda juani.

"Wameyaua," alinung'unika. "Mwajabu alipougua niliwalilia gari la kumpeleka hospitali, hawana gari. Kwa panya, gari likapatikana."

Hasira ilikuwa juu tu. Chini yake kulikuwa na hofu. Alinusa tena. Harufu nzito, ya mti na udongo uliolowa, na kwa mbali kitu kama kafuri. Aliijua. Ndiyo iliyojaa chumbani siku walipomwosha Mwajabu. Ampake mwanawe harufu ya maiti, kisha amkabidhi kwa mume?

Akaenda uani, akainamisha chupa.

"Unamwaga nini, shemeji?" Mwanamvua, somo anayemfunda Mina, alikuwa mlangoni na bakuli lake la liwa ya kumsugua mwari.

"Mafuta ya Mwajabu. Yameoza."

"Umeyapaka?"

"Nimeyanusa."

"Chupani? Hata mimi ukinifungia tangu Mina azaliwe, ukaja kuninusia mlangoni, utatoka mbio."

Hakucheka. Alimweleza habari ya jua, na ya harufu ile ya kuoshea. Mwanamvua akaichukua chupa, akanusa, na uso ukambadilika. Bwanausi aliuona.

"Jua limeyala kidogo, sikufichi," alisema Mwanamvua. "Lakini asumini ni mgeni, shemeji. Hata gizani huwa wa kwanza kuaga. Lete mkono."

"Wangu?"

"Nimjaribie mwari?"

Likaanguka tone moja. Tangu mazishi, hakuna kilichotoka mikononi mwa Mwajabu kilichomgusa. Chumba kile kikamjaa puani. Akashika upindo wa kikoi ajifute.

"Usifute. Iache ngozi iyapashe moto."

Wakangoja. Ndani Mina alikohoa. Bwanausi akaanza Ayatul Kursiyu kimoyomoyo, akakosea, akaanza upya.

Polepole ule ukali wa kafuri ukafifia. Udongo ukalainika, sandali ikapanda, na nyuma yake mrehani, mdogo, wa uvuguvugu: shingo ya Mwajabu akitoka kuoga, kanga bado mbichi mabegani. Akaketi kizingitini. Basi siku ile ya kumwosha, chumbani alikuwa akimnusa mkewe, naye akadhani ni kifo.

"Je?" aliuliza Mwanamvua.

"Mpake."

"Una hakika?"

"Sina. Mpake."

Mwanamvua akaingia, akafunga mlango. Bwanausi akabaki pale, mkono puani, akitega sikio kila Mina alipokohoa, mpaka alipomsikia akicheka kwa kutekenywa na liwa. Hata hapo hakuondoka.