Sangara wa Mtakatifu Antoni

Jumamosi asubuhi Paskazia alifika kigangoni Igogo na ndoo yake ya brashi, akatandika gunia chini ya ukuta asije akachafua sakafu, akaanza kuchora dagaa. Alikusudia kuchora wa kutosha kujaza beseni. Wale wa Jumamosi iliyopita walikuwa wameshaliwa.

Katika makanisa ya pwani ile ya ziwa, kuanzia Mkuyuni hadi Nansio, hukosi picha ya Mtakatifu Antoni akiwahubiria samaki. Inasemekana watu walikataa kumsikiliza, naye akaenda zake ukingoni mwa maji akaongea na samaki, nao wakainua vichwa wakatulia. Wavuvi waliipenda habari hiyo kuliko zote, maana wao pia huongea na samaki, ila hawasikilizwi. Basi wachoraji wa huko wamejifunzia kazi kwa mtakatifu huyo mmoja. Farasi watakuchorea kama mbuzi mgonjwa, lakini magamba watayachora mpaka usikie shombo. Marehemu fundi Yeremia, aliyemfundisha Paskazia, alikuwa na sheria moja tu: wadogo mbele, wakubwa nyuma, kama watoto wanavyokaa kanisani, ili kila mmoja amwone mhubiri.

Paskazia aliivunja sheria hiyo mara moja tu, kwenye ukuta huu wa Igogo. Bwana Luhaga, mnunuzi wa sangara, ndiye aliyetoa saruji ya ukuta, na alitaka sangara akae mbele.

"Mdogo wangu, mweke mbele, tena awe mnene," alimwambia. "Na mama yako na wenzake wataendelea kuanika dagaa pale mwaloni. Nani atawagusa?"

Mama yake, Sabina, alikuwa akianika dagaa kwenye mchanga ule wa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, tangu Paskazia akiwa wa kubebwa mgongoni. Kwa ajili ya mchanga ule, Paskazia angechora hata kiboko aliyevaa tai. Akamweka sangara mbele, urefu wa benchi.

Jumapili ya pili uzio wa mabati wa Luhaga ulikuwa umesimama mwaloni. Jumapili ya tatu safu ya kwanza ya dagaa haikuwepo ukutani.

Katekista Pius alitangaza baada ya ibada, kati ya tangazo la usafi na la kwaya, kwamba sangara amekula dagaa, na Paskazia anaombwa aje achore wengine. Wazee walisema sangara ni sangara, ukimbatiza utalowesha kichwa tu, tumbo litabaki lile lile. Furu, samaki wadogo wa safu iliyofuata, waliisha kabla ya Kwaresima. Sato walirudi nyuma wenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Wanawake wa dagaa walihamia kuanika juu ya mawe, ambako kunguru huwahi kabla ya jua. Walikwenda kwa Luhaga mara tatu. Aliwakaribisha vizuri, akawaambia suala lao linashughulikiwa.

Jumamosi hiyo Sabina alipita kigangoni na michembe ya viazi kwenye bakuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Nilijua tu."

Wakakaa kwenye gunia, wakala. Sabina aliutazama ukuta kwa muda mrefu, hasa tumbo la sangara.

"Hebu niambie, Paskazia. Huyu unayemchorea dagaa kila wiki, si unamlisha?"

Paskazia aliweka bakuli chini. Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

"Nilimweka mbele kwa ajili yako, mama."

"Najua, mwanangu. Hata mimi ningemwamini Luhaga. Yule baba ana sauti nzuri." Wakacheka wote wawili, na Paskazia akajifuta macho kwa mkono wenye rangi. "Sasa na huyu mtakatifu mwambie akae. Kasimama siku nyingi, miguu itamvimba."

Paskazia alipogeuka, Antoni alikuwa ameshakaa. Alikuwa chini kabisa, ukingoni mwa maji, kanzu yake ya kahawia ameitandaza mapajani kama mama anayesubiri kupimiwa maharage kwenye khanga. Kilichobaki ni kuchora dagaa humo ndani, na Paskazia akawachora mpaka kanzu ikajaa. Alipomaliza, mtakatifu alikunja pindo, akaweka mkono juu.

Tangu siku hiyo sangara hajala dagaa wa kigangoni. Wachoraji wa Nansio walivuka kuja kutazama, wakarudi kwao na maarifa mapya, na sasa pwani nzima Antoni anachorwa amekaa, mapajani kumejaa dagaa. Hahubiri tena.

Luhaga alikuja kwenye misa ya mavuno, akakaa benchi la mbele. Alimtazama sangara, aliyekuwa bado pale pale mbele na kitambi cha wote aliowahi kula, akaridhika.

"Amenona," alimwambia Paskazia nje. "Umeniheshimu sana." Kisha, kwa kuwa mkono wa Paskazia ni mzuri kwa herufi, akamwomba amwandikie kwenye uzio: MARUFUKU KUANIKA DAGAA HAPA.

Paskazia alikataa. Aliandika fundi mwingine, tena kwa haraka. Herufi zimepinda na rangi imechuruzika, lakini kutoka kwenye mawe, anakoanika Sabina, zinasomeka vizuri.