Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine ya Siok

Mambo yaliharibika tarehe kumi na sita ya mwezi wa saba wa mwandamo, siku ya kuwatandikia meza wafu wasio na wa kuwakumbuka, pale msimamizi mpya, Bunkiat, alipoweka pakiti ya njano juu ya mashine mpya. Njano! Karakana nzima ya koki za maji ikageuka kutazama, na wanawake wa kufungasha wakasimama na maboksi mikononi kama waliopigwa picha.

"Jamani, huyu kalelewa na nani?" mzee Kimtsai akanong'ona, na moyoni akasikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu amzike mkewe.

Mjini Lukang hata mtoto wa chekechea anajua. Mashine huwekewa bisi za mahindi za ladha ya nazi, pakiti ya kijani, ili itulie na ifanye kazi kama mtoto mwenye adabu. Pakiti isipitwe na tarehe. Isifunguliwe. Na asiile mtu, hata njaa imshike vipi. Ya njano ni ya mezani kwa mhasibu, ivute fedha. Kuiweka ya njano juu ya mashine ni kuitafutia ugomvi.

"Za kijani zimeisha mji mzima," Bunkiat akajitetea. "Si mwezi wa wafu huu? Kila mtu kanunua. Na hizi ni bisi tu, mama zangu. Ni mahindi."

"Basi washa wewe," akasema Ngo, mwanamke wa makamo aliyeng'arisha koki tangu enzi za baba wa mwenye kiwanda wa sasa. "Mimi vidole vyangu bado navipenda, Bwana Mkwe."

Bwana Mkwe ndilo jina walilompa. Alikuwa ameoa binti wa Mama Hsu, mwenye kiwanda, akatoka ofisini jijini Taichung na kuja kuwa msimamizi. Kimtsai alimchukia kabla hajashuka kwenye gari. Si yeye peke yake. Kimtsai aliwachukia wakubwa wote kwa zamu: mkuu wa mtaa kwa sababu ya mtaro, watabiri wa hali ya hewa kwa sababu ya mvua, watu wa bima ya afya kwa sababu ya jinsi walivyomzungusha mkewe, Siok, kutoka dirisha hadi dirisha mpaka akachoka kuugua. Shule aliiacha mapema, lakini orodha hii alikuwa nayo kichwani, na haikuhitaji karatasi.

Sasa Bunkiat alikuwa amepanda juu kabisa ya orodha, kwa sababu mashine hii mpya ilikuja kumfukuza Siok.

Mashine ya Siok ilikaa kona ya dirishani. Upande wa kushoto ina jiwe la kusagia, la kunolea vyuma vya kazi. Upande wa kulia ina mkanda wa msasa, wa kulainishia shaba ya koki. Hapo ndipo Siok alipokaa miaka yote ya ndoa yao, akiimba vibaya kwa makusudi ili kumkera mumewe aliyekuwa akitia nta meza ya pili. Alipofariki, Kimtsai akahamia kwenye kigoda chake. Hakugusa kitu. Kiegemeo, kile chuma cha kuegemezea kazi mbele ya jiwe, kilibaki pale pale Siok alipokikaza. Kila mwisho wa mwaka alibadili pakiti ya kijani, basi. Na sasa lori la chuma chakavu lilikuwa limeegeshwa nje, dereva wake akitafuna tambuu, akingoja kuibeba jioni.

Kilichomuudhi zaidi Kimtsai ni kwamba Bunkiat alijua kazi. Alitamani awe mjinga, hakuwa. Alikaza miguu ya mashine kwenye sakafu ya saruji hadi haitikisiki. Alilitundika jiwe jipya kwenye mpini wa ufagio, akaligonga kwa kipande cha mti, likalia *ngiii* kama bakuli zuri lisilo na ufa. Kiegemeo akakisogeza kikabaki na upenyo wa kupitisha sarafu tu. Akavua glavu, akakunja mikono ya shati, akavaa miwani ya kazi, akasimama pembeni, si mbele ya jiwe, akaiwasha na kuiacha izunguke bure hadi aliporidhika.

"Anaiogopa," Kimtsai akasema kwa sauti ya kusikika.

"Naiheshimu, ba'mkubwa," Bunkiat akajibu bila kugeuka.

"Mheshimu mama mkwe wako. Mashine huogopwa na wasioijua."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikamtia Kimtsai wazimu wa utotoni. Bunkiat alipozima na kwenda kula tambi zake za chaza, mzee akapita karibu na mashine mpya kama anayeokota kitu. Pembeni mwa mkanda kuna skrubu ndogo ya kuulekeza mkanda ukae katikati ya magurudumu yake. Akaizungusha kidogo kwa kidole gumba. Kidogo tu, kama mtu anayepunguza moto chini ya uji.

Bunkiat akarudi, akawasha, akaegemeza koki. Mkanda ukaanza kutembea pembeni, polepole, kama bibi arusi asiyemtaka bwana harusi. Mara *chwaaa!* ukalamba fremu ya chuma, cheche zikaruka, Bunkiat akaruka nyuma na kuzima.

"Njano hiyo!" akapiga kelele mmoja wa wafungashaji.

"Mimi sijasema kitu," akasema Kimtsai, akiwa amesema kwa uso mzima.

Bunkiat akaurekebisha mkanda. Ukatulia. Akaenda kupokea simu, na aliporudi ukatembea tena. Safari hii Ngo akamwangalia Kimtsai kwa jicho moja, lile jingine akiwa amelifumba.

"Shemeji," akasema chinichini, "mizimu ya mwaka huu ina vidole vinene."

"Mizimu ni ya watu wote. Mingine ilikuwa mafundi."

"Atakatika mkono yule, ndipo utacheka vizuri."

Kimtsai akalimezea neno hilo chai.

Mara ya tatu mkanda ulipotoka, Mama Hsu akateremka kutoka ghorofani, udi wa sadaka ukiwa bado mkononi. Alikuwa mfupi, mpana, na alitembea kama mtu anayesukuma kabati.

"Mashine mpya inanitia aibu siku ya wafu! Bunkiat, toa hiyo njano. Chukua ile ya kijani kwenye mashine ya Siok. Ile ya zamani si inaondoka?"

"Haiguswi!" Kimtsai akasimama hadi kigoda kikaanguka. "Mama, pakiti ile ni ya Siok. Na mashine haijaondoka. Mashine inayofanya kazi inatolewa, inayokula fremu yake inabaki? Ndivyo wakubwa mnavyohesabu?"

Mama Hsu akakiinua kigoda. Alikuwa amemlilia Siok kuliko ndugu wa damu, na Kimtsai alilijua hilo, ndiyo maana hakuwahi kumweka kwenye orodha.

"Haya," akasema. "Zipimwe zote mbili, hapa, mbele za watu. Itakayofaulu ibaki. Nyingine ipande lori. Bunkiat, pima. Kimtsai, funga mdomo."

Mzee akatabasamu. Skrubu ilikuwa imekwisha kuzungushwa.

Bunkiat akaanza na mashine mpya. Kimtsai alitegemea ataiwasha. Hakuiwasha. Alichomoa waya, akausukuma mkanda kwa mkono, taratibu, mzunguko mzima, akiutazama. Ukaanza kwenda pembeni. Akainama kwenye skrubu. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Juu ya ile skrubu palikuwa na alama ya nta ya kung'arishia, ya kijani, imechapika vizuri kama muhuri. Bunkiat akainua macho, akakitazama kidole gumba cha Kimtsai, chenye nta ile ile. Mzee akakificha ndani ya ngumi. Wakatazamana.

Bunkiat akapangusa skrubu kwa shati lake, akaukaza mkanda mahali pake, akauzungusha tena kwa mkono, kisha akachomeka waya na kuwasha. Ukakaa katikati, ukiimba.

"Imefaulu," akasema.

Kimtsai angependa atukanwe. Kutukanwa na mkubwa alikuzoea, alikuwa na majibu yake tayari. Kuachiliwa hakukuwa na jibu. "Anajidai mwema," akaguna, lakini kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

Ikaja zamu ya mashine ya Siok. Bunkiat akachomoa waya, akaujaribu mkanda. Ulikuwa umechakaa lakini ulitembea sawa. Kimtsai akavimba kifua. Kisha Bunkiat akajaribu kupitisha sarafu kati ya jiwe na kiegemeo. Sarafu ikapita bila kugusa popote. Akaingiza kidole chake. Kikapita pia.

"Siok alikiweka hivyo," Kimtsai akasema upesi.

"Alikiweka sawa, ba'mkubwa. Jiwe ndilo limelika. Kadiri linavyolika, kiegemeo husogezwa. Kazi ikinaswa humu, inakuja na mkono."

"Mimi sijanaswa."

"Bado."

Akafungua kifuniko cha jiwe, akalegeza nati, akalitoa na kulitundika kwenye ule mpini wa ufagio. Akaligonga.

*Du.*

"Gonga tena," akasema Kimtsai. "Hujagonga vizuri. Nipe mimi."

Akapewa. Akagonga mwenyewe, juu, kisha pembeni. *Du. Du.* Kama kugonga boga. Siok ndiye aliyekuwa akigonga kila Jumatatu asubuhi, akiweka sikio karibu na kumwambia mumewe anyamaze. Bunkiat akaligeuza jiwe kwenye mwanga wa dirisha. Ufa mwembamba kama unywele ulitoka tunduni hadi karibu na ukingo. Asubuhi ile ile Kimtsai alikuwa amenoa kwalo vyuma viwili, uso wake ukiwa mbele kabisa.

Hakuna aliyecheka. Ngo alikuja akamshika mkono wa shati, akauachia.

"Imefeli," Mama Hsu akasema kwa upole. "Samahani, Kimtsai. Dereva! Njoo ubebe. Lakini pakiti kwanza."

Dereva wa lori akatema tambuu yake nje, akaingia na kigari. Mama Hsu akanyoosha mkono juu ya mashine ya Siok, akaishika pakiti ya kijani ili aihamishie kwenye mpya. Uso ukambadilika. Akaitikisa. Akaitikisa tena, karibu na sikio.

"Mbona nyepesi?"

Wakaizunguka. Pakiti ilikuwa imevimba vizuri, imejaa hewa. Mishono ya juu na chini ilikuwa ile ile ya kiwandani, haina mkato, haina gundi, na tarehe yake ilikuwa bado mbali. Kimtsai aliinunua mwenyewe, ilikuwa nzito, ilikuwa inachakacha. Bunkiat akaimulika kwa tochi. Ndani hamkuwa na bisi hata moja. Hapo chini, kwenye kona, palikuwa na unga kidogo wa nazi, kama ule unaobaki mtu anapokula hadi mwisho na kulamba vidole.

"Basi mashine hii imekuwa ikizunguka na jiwe bovu, bila ulinzi wowote," akanong'ona mfungashaji mmoja, "na halijapasuka?"

"Bila ulinzi ndiyo nini?" akasema Ngo. "Labda mlinzi alikuwa ameshiba."

Dereva akaachia kigari kikaanguka. "Mimi mwezi huu sibebi hicho kitu. Hata kama mnaniongezea. Mpaka mniambie bisi kala nani."

Macho yote yakaenda kwa Kimtsai. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Sukari ilimpanda, daktari alimkataza hata biskuti, na Ngo akathibitisha kwamba meno ya nyuma hana. Macho yakaenda kwa Ngo, naye akacheka sana, akacheka mno, hadi hakuna aliyejua acheke naye au amshuku. Bunkiat, msomi wa ofisini, akafungua mdomo kueleza jambo kuhusu hewa na plastiki, akaufunga.

Mashine ya Siok ikabaki kwenye kona yake, haina jiwe, waya umechomolewa, mkanda umekaa sawa. Mwezi wa saba ukapita, na lori likarudi. Dereva akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, akaita tu:

"Haya, mmeshapata? Nani alikula?"

Kimtsai, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda cha mkewe akiligonga jiwe la mashine mpya ya Bunkiat na kuliwekea sikio, alikumbuka jinsi Siok alivyopenda nazi. Akamwambia dereva anyamaze kidogo, anasikiliza.